CD ya 1996 Inagoma Kwenye Windows 11

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina CD ya ensaiklopidia ya watoto ya mwaka 1996. Nikibofya SETUP.EXE kwenye laptopu yenye Windows 11, naambiwa programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nimeichagulia Windows 95 kwenye Compatibility, wapi! CD yenyewe haina mkwaruzo. Nifanyeje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. CD haina kosa, na Compatibility haiwezi kukusaidia hapo. Programu nyingi za miaka ile ni za biti 16, yaani za mtindo wa zamani uliotangulia biti 32 na 64, na Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuziendesha. Windows 11 hutoka kwa biti 64 tu.

Kwanza hakikisha. Fungua SETUP.EXE kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama, lakini mwanzoni kabisa kuna herufi MZ, kisha mistari michache chini yake kuna PE au NE. NE ni biti 16. PE kwa faili la zama hizo ni biti 32. Fanya hivyohivyo kwa faili kuu la programu ndani ya CD, maana mara nyingi kisakinishi ndicho cha biti 16 na programu yenyewe ni ya biti 32. Ikiwa ndivyo, nakili folda nzima kwenye diski na ujaribu kuifungua moja kwa moja.

Yote yakiwa NE, tengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yako, kwa programu ya VirtualBox, na uweke humo Windows XP ya biti 32. RAM MB 512 na diski ya GB 10 zinatosha. Kwenye sauti chagua kadi ya ICH AC97, kwa sababu XP inayo draiva yake (programu ya kuiendesha) tayari. Mtandao uzime kabisa: XP haipati viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014.

Programu ikidai rangi 256, ndani ya XP bofya kulia ikoni yake, Properties, Compatibility, weka tiki kwenye rangi 256 na kwenye 640 x 480. Video zikigoma, weka QuickTime (kicheza video cha Apple), kama imo ndani ya CD hiyohiyo, humo ndani ya XP. Tafadhali usiiweke kwenye Windows 11 yenyewe. Apple iliacha kuitunza QuickTime ya Windows mwaka 2016 ikiwa na matundu ya usalama yanayojulikana.

Hapa ndipo wengi hukwama: picha zinaonekana, sauti za maelezo zinasikika, muziki hamna. Ingiza CD kwenye redio ya CD. Ikiruka wimbo wa kwanza na kupiga wa pili, basi muziki umerekodiwa kama nyimbo za kawaida pembeni ya data. Ukinakili CD hiyo kwa ISO (faili moja la nakala ya data ya CD), nyimbo zote zinabaki nje. Tumia ImgBurn, programu ya kunakili CD, nayo itakupa mafaili mawili, BIN na CUE. DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS, inasoma CUE. Ukiwa na Windows 3.1 ndani ya DOSBox, na programu yako inaikubali (tazama mgongoni mwa kasha), andika hivi ndani ya DOSBox kabla ya kuiwasha Windows hiyo:

imgmount d C:\cd\watoto.cue -t iso

Nakala hiyo itengeneze leo, hata kama usakinishaji utausogeza hadi wiki ijayo. Tabaka la juu la CD likianza kubanduka, hakuna programu itakayolirudisha.