Waraka unapakia, unapakua au unafunguka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tukuyu, na wanafunzi husoma notsi zangu za PDF kwenye simu na vishikwambi. Niliandika "nyaraka hii inapakia polepole", mwenzangu akasema sahihi ni "inapakua". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Mwenzako amekosea, nawe hujapatia sawasawa.

Twende Uyole, kwenye lori la viazi. Pale lori hupakia viazi. Likifika Dar es Salaam, viazi hupakuliwa. Mzizi ni mmoja, na ile -u- ya mwishoni hugeuza tendo. Ndiko tulikopata kupakia faili, yaani kulipeleka mtandaoni, na kupakua, yaani kulishusha. Lakini anayepakua ni simu. Faili halipakui kitu, lenyewe linapakuliwa. Wengi huiacha hiyo kauli ya kutendwa, na maana yote inapinda. Hata "Inapakia" tunayoiona kwenye simu zilizowekwa Kiswahili ina mtenda wake: ni simu inayojipakia kurasa.

Anachosubiri mwanafunzi ni ukurasa utokee. Hapo sema: "Waraka huu unachelewa kufunguka." Waraka huu ni mmoja, nyaraka hizi ni nyingi. "Nyaraka hii" iache kabisa.

Vitenzi hivi ukivitenganisha, unajua pa kurekebisha. Waraka ukichelewa kupakuliwa, tazama mtandao na uzito wa faili. Ukiwa umeshapakuliwa na bado unachelewa kufunguka, mara nyingi ni picha. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Skani kwa 150, inabaki robo. Maandishi ya kawaida yatasomeka, ila vipeo vidogo vya hesabu huanza kufifia. Kama notsi ulizichapa mwenyewe kwenye kompyuta, toa PDF humo humo kwenye programu ya kuandikia. Kuziprinti kisha kuziskani ni kugeuza herufi kuwa picha bure.

Ipo pia PDF iliyopangwa kwa ajili ya mtandao: yanayohitajika kwa ukurasa wa kwanza hukaa mwanzoni mwa faili. Seva na programu ya kusomea zikiweza kuchukua faili vipande vipande, ukurasa huo hutokea mapema, na hapo utasema kwa usahihi: "Waraka umeshafunguka, ingawa bado unapakuliwa." Ukiituma kwa WhatsApp faida hiyo hupotea, kwa kuwa faili hushushwa lote kwanza.