Nyumba Ikibomolewa, Kifusi Kiende Wapi?

Shikamoo fundi. Nabomoa nyumba ya marehemu baba nijenge upya. Kifusi chake kinafaa kwa zege la nguzo? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu, na pole. Kwenye nguzo, hapana. Zege kuukuu likipondwa, kokoto zake hubaki zimegandwa na saruji ya zamani, nayo hunywa maji kuliko jiwe. Fundi akipima maji kwa mazoea, zege linakauka mkononi. Akiongeza kwa kukisia, linakosa nguvu. Bila vipimo vya maabara usilibebeshe nyumba. Lakini chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, au kwenye njia ya kupita gari, kifusi kilichopondwa ni mali. Toa jipsamu yote kwanza, maana chumvi zake hula saruji.

Muhimu zaidi, usianze na tingatinga. Juzi nilisimama kwenye kiwanja kimoja nikawatazama vijana wawili wakikwangua udongo kwenye tofali za kuchoma kwa panga butu. Kila tofali waliligonga kwa jingine: lililolia vizuri likapangwa, lililotoa sauti ya chungu kilichopasuka likatupwa. Pembeni, mlango wa mninga umeegemezwa mzima na fremu yake. Tingatinga lingevisaga vyote asubuhi moja. Ajiri mafundi, wabomoe kuanzia paa kushuka chini.

Na nondo zilizotoka kwenye kifusi, nizinyooshe? (Msomaji, Mbagala)

Kwa lenta na nguzo, usithubutu. Chuma kilichopinda kikanyooshwa huchoka pale pale kilipopindia. Uza kama chuma chakavu, kiyeyushwe upya.

Mbona malori yanamwaga kifusi mabondeni usiku? Hakuna sheria? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Ninachowaomba madiwani ni hiki: asipewe mtu ruhusa ya kubomoa kabla hajaonyesha kifusi chake kitaenda wapi. Japani walitunga sheria yao mwaka 2000. Kule, anayebomoa jengo lenye sakafu ya mita za mraba 80 au zaidi analazimika kutenganisha zege, lami na mbao, kisha vipelekwe kurejelezwa. Umoja wa Ulaya nao ulijiwekea lengo la kutumia tena au kurejeleza asilimia 70 ya kifusi ifikapo 2020, ila walikubali hata kujazia mashimo kuhesabiwe. Mimi nisingekubali, tofali zima halistahili kufukiwa shimoni.

Paa letu la zamani ni la asbesto. Tunaweza kuuza vipande? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, dada yangu, wala usimpe mtu bure. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Msikate kwa msumeno, msivunje, msichome. Waone maofisa mazingira wa halmashauri au wa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kwanza, wakuelekeze kwa wenye vifaa: paa hulowanishwa, hushushwa likiwa zima, hufungwa kwa plastiki nzito, kisha hupelekwa mahali palipoidhinishwa. Mpaka siku hiyo, watoto wasicheze chini ya vipande vilivyokwisha kudondoka.