Kijana Wangu wa P.3 Anunuliwe Kompyuta Yake?

Shangazi, nakusalimu.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Malaba, upande wa Uganda, nauza mitumba. Mume wangu ni dereva wa lori, maisha yake ni barabara ya Mombasa na Kampala. Nyumbani hulala siku mbili tatu, kisha anaondoka. Binti yetu ana miaka 14, yuko S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, katika shule ya bweni. Kijana ana miaka 8, yuko P.3, darasa la tatu la msingi.

Mume wangu ameona laptopu iliyotumika ya laki saba, anataka kumpa kijana iwe yake mwenyewe. Anasema wakati wa korona watoto wa wenye kompyuta walisoma na binti yetu akabaki na redio, na hataki yamkute kijana. Wifi yangu wa Kampala ananicheka, maana wanawe wana tableti tangu wakiwa na miaka mitatu. Mimi naogopa. Nasikia watoto wanaona mambo machafu, wengine hawataki tena hata kushika daftari. Kijana wangu ni mtulivu. Jioni nikichelewa sokoni namwachia simu yangu ya pili anatazama katuni, basi. Je, miaka minane si mapema? Umri unaofaa ni upi? Na nimwambieje mume wangu asione napinga maendeleo ya mtoto?

Mama wa Malaba

*

Mwanangu, salamu zako nimezipokea.

Miaka minane ni mapema kwa mtoto kuwa na kompyuta ambayo ni yake. Ila kompyuta kuingia nyumbani kwako si mapema hata kidogo. Mume wako ainunue, tena nampongeza. Ninachopinga ni kuiingiza kwa jina la kijana. Kitu kikiwa chako, wewe ndiye unayeamua kifunguliwe saa ngapi, kikae wapi, nani akiguse na nani asikitazame. Mtoto wa P.3 hawezi kubeba maamuzi hayo, na ukimpa leo, kesho utakapotaka kuyarudisha mikononi mwako atasema umemnyang'anya mali yake. Atakuwa na haki ya kulia.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nasimama penye binti yako. Umemtaja kwa mstari mmoja ukampita. Mama, katika nyumba yako mwenye haja ya kompyuta ni yeye.

Tangu mwaka 2020 shule zetu za sekondari zimekuwa kwenye mtaala mpya wa S.1 hadi S.4. Wanafunzi hufanya miradi, hutafuta habari, huandika ripoti na kuzieleza mbele ya wenzao. Kazi hizo za darasani zina asilimia 20 ya alama zao za UCE, cheti cha kumaliza S.4, na mtihani wa mwisho ndio wenye 80. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya UCE mwaka 2024. Binti yako anafuata njia hiyohiyo, na akifika S.5 atakuta kila mwanafunzi lazima achukue ama Sub-Math ama Sub-ICT, yaani somo dogo la hesabu au la kompyuta. Msichana aliyezoea kibodi nyumbani wakati wa likizo atakaa darasani kwa utulivu. Yule anayeigusa mara moja kwa wiki kwenye maabara ya shule, wanafunzi watatu kwa mashine moja, atakuwa bado anatafuta herufi wakati wenzake wanamaliza.

Sasa hebu mfikirie anarudi likizo na sanduku lake, anakuta mdogo wake wa miaka minane ana kompyuta. Akitaka kuandika kazi ya shule itabidi aombe ruhusa kwa mtoto wa P.3. Sidhani mume wako alikusudia hivyo. Wanaume wengi wanawapenda mabinti zao kwa dhati, wanawalipia karo bila kunung'unika, lakini kikija kitu cha mashine, mkono unaelekea kwa mtoto wa kiume bila wao kufikiri. Binti halalamiki. Anajifunza tu kwamba mambo hayo si yake, na miaka miwili mitatu baadaye tunashangaa kwa nini anayakimbia. Hili linaniuma, ndiyo maana nalisema kwa ukali kuliko ulichouliza.

Kwa hiyo kompyuta iwe ya nyumba. Likizo binti awe na nafasi ya kwanza, na awe ndiye mwalimu wa mdogo wake.

Tuje kwa hofu ya mume wako, kwa sababu ni hofu ya kweli na haifai kudharauliwa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakurudi hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Mzazi aliyemwona mtoto wake akikaa nyumbani muda huo wote, huku wa jirani akisoma kwenye skrini, hawezi kusahau. Lakini mkumbushe pia kilichokuja kwa watoto wengine wote. Serikali iligawa karatasi za masomo zilizochapishwa, na vipindi vikawa redioni na kwenye televisheni. Mtoto aliyejua kusoma vizuri aliweza kuishika karatasi ile akasonga mwenyewe, na yule ambaye hakujua alihitaji mtu mzima wa kukaa naye. Kinga ya kijana wako ni kusoma, tena asome bila kusukumwa.

Na kijana yuko kwenye mwaka muhimu. Kama shule yake inafuata mpango wa serikali, P.1 hadi P.3 wanafundishwa kwa lugha ya mahali, P.4 ndipo Kiingereza kinaanza kushika masomo. Watoto wengi wanajikwaa hapo. PLE nayo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi akifika P.7, ni masomo manne kwa kalamu na karatasi: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Hakuna karatasi ya kompyuta. Mwombe mume wako, kando ya zile laki saba, apate elfu hamsini za vitabu vya hadithi, vingine vya Kiswahili na vingine vya Kiingereza. Kijana akusomee hata robo saa kila usiku unapopika. Ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya vitabu na kompyuta kwa mtoto wa miaka minane, nisingefikiri mara mbili.

Kuna jambo jingine umelipita haraka, mwanangu. Unaogopa kompyuta ambayo haijafika, na simu iko mikononi mwake kila jioni, wewe ukiwa sokoni. Sikulaumu, najua biashara ya mitumba haifungwi saa kumi. Lakini simu ndiyo yenye intaneti. Katuni ikiisha, YouTube inaleta nyingine yenyewe, na ya tano au ya sita si lazima iwe ya watoto. Tena angalia kama simu hiyo ina VPN, ile programu ya kupita penye mitandao iliyofungwa. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, watu wengi wakaweka VPN ili waifungue, na VPN hiyohiyo inaweza kuruka kizuizi ulichoweka kumlinda mtoto. Facebook yenyewe na TikTok haziruhusu aliye chini ya miaka 13, lakini huko kuandika mwaka wa uongo ni kazi ya dakika moja. Kama lazima umwachie simu, toa laini ya intaneti, mwekee katuni ulizochagua na kuzihifadhi wewe. Na iachwe kwa jirani unayemwamini pamoja na mtoto mwenyewe, asibaki nayo peke yake chumbani.

Wifi yako usishindane naye. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku akiwa ameketi mbele ya skrini, na akipata pungufu ni bora zaidi. Wasiofika miaka miwili wasiwekwe kabisa. Mwongozo ule unaishia chini ya miaka mitano, kwa hiyo kwa kijana wako hakuna namba ya kukupa kutoka huko. Mimi ningeanza na nusu saa siku za shule, saa moja Jumamosi, na nisingeongeza mpaka nione anazima mwenyewe.

Sasa iwekwe vipi? Mezani sebuleni, skrini ikitazama mlango, si ukuta. Laptopu iliyotumika mara nyingi betri yake imechoka, ukichomoa waya inazima. Kwako hilo ni jema, usikimbilie kununua betri mpya. Kompyuta isiyoweza kuachana na soketi haiwezi kuingia chini ya blanketi. Siku ambazo hakuna mtu mzima nyumbani, chaja iende nawe sokoni kwenye mkoba. Chomeni kwenye kifaa cha kuzuia umeme unaporuka, kwa sababu umeme wetu ukirudi baada ya kukatika huja na nguvu ya kuunguza.

Muwe na akaunti mbili ndani yake. Moja ni yenu wazazi, yenye nywila asiyoijua, na hiyo pekee ndiyo iweze kuweka programu mpya. Nyingine ni ya watoto. Mwaka wa kwanza usiiunganishe na intaneti kijana akiwa peke yake. Binti akihitaji kutafuta kitu cha shule, unamwashia bando kutoka kwenye simu yako, mkimaliza unazima. Kijana ana mengi ya kufanya bila intaneti: kuandika kwa kibodi, kuchora, na kuna programu ya bure inayoitwa Scratch, iliyotoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT cha Marekani. Imetengenezwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto anapanga vipande vya amri kama matofali, paka anatembea, anaongea, mchezo unazaliwa. Inapakuliwa mara moja, halafu inafanya kazi bila bando. Hapo ndipo kompyuta inapoishinda simu. Kwenye simu mtoto hutazama vya wengine, na hapa anatengeneza chake.

Lakini kukosa intaneti kusikufanye ulale. Flashi ndiyo mlango wa pili. Unajua maduka yetu ya kujaziwa filamu, unatoa pesa kidogo unajaziwa flashi nzima, zilizotafsiriwa na ma-VJ na zisizotafsiriwa, za watu wazima zikiwa zimechanganyika na katuni. Flashi ya rafiki isichomekwe kabla hujafungua ukaona kilichomo.

Pamoja na hayo yote, ipo siku ataona kibaya. Kama si kwako, atakiona kwa jirani au kwenye simu ya mtoto mkubwa njiani. Mwambie mapema, tena kwa maneno mepesi: "Ukiona kitu kinachokuogopesha au watu wasio na nguo, funga, uje uniambie. Hutapigwa." Na akija kweli, timiza. Ukimpiga siku hiyo, hatakuja tena, na utakuwa umepoteza ulinzi ambao hakuna programu inayoweza kuuziba. Mtu mzima akimtumia picha chafu au kumwomba picha, usifute ushahidi. Piga 116, ile laini ya Sauti ya kusaidia watoto, haina malipo.

Umeniuliza umri. Mimi ningesema asiwe na yake kabla ya kumaliza PLE, katika likizo ile ndefu kabla ya S.1, na hata hapo nisingeangalia miaka peke yake. Ningeangalia kama muda ukiisha anazima bila vita, kama ameshawahi kuja mwenyewe kueleza jambo lililomtia hofu, na kama huitumia kutengeneza vitu kuliko kutazama. Watoto wengine wanafika hapo na miaka 12, wengine 15 bado. Tena shule nyingi za bweni haziruhusu simu wala laptopu, kwa hiyo hata akiwa nayo itabaki nyumbani muhula mzima.

Kuhusu mume wako, usiliongee kwa simu akiwa barabarani. Ngoja afike, ale, apumzike. Anza na shukrani, maana baba anayewaza masomo ya mwanawe akiwa usukani si wa kukatizwa. Mwambie: "Baba, nunua. Nimefurahi. Naomba tu iwe ya wote wawili, kwa sababu dada yake ana miradi ya shule na atakuja kumfundisha mdogo wake." Usimletee orodha ya hatari, atasikia kwamba unakataa.

Kisha mpe yeye kazi ya kwanza kwenye mashine hiyo. Kijana aandike miji ambayo baba yake hupita: Mombasa, Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret, mpaka Malaba na Tororo, halafu dada yake amsaidie kulitembeza lori dogo kwenye Scratch kutoka mji hadi mji. Baba akirudi safari inayofuata aonyeshwe. Ataona laki saba zake zimefanya nini, na haitamsumbua kompyuta ni ya nani.

Akishakubali, mwambie apitie kwa fundi kwanza, kila kilichoachwa na mwenye mashine wa zamani kifutwe na mfumo uwekwe upya, kabla haijafika nyumbani na kijana hajaiwasha.