Yeremia na shamba la Anathothi
Dada umeuliza mbona Yeremia anaitwa nabii wa matumaini wakati muda wote analia, soma sura ya 32 ya kitabu chake kwenye Biblia taratibu. Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia wa Yuda, jeshi la Babeli limeshazingira Yerusalemu, Yeremia mwenyewe kafungwa kwenye ua wa walinzi, halafu ananunua shamba la Anathothi, kijijini kwao, kutoka kwa binamu yake Hanameli, shekeli 17 za fedha, anasaini hati mbele ya mashahidi na Baruku, mwandishi wake, anaambiwa aiweke kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi. Nani ananunua shamba ambalo adui keshalikanyaga?? Hapo ndo huwa nalia mimi, maana Mungu hakuwaambia watu wake hamtachukuliwa mateka Babeli, aliwaambia mtachukuliwa na bado nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena nchi hii.