Chakula cha kubeba kwenye pikipiki kutoka Mombasa hadi Taita

Ndugu yetu ameuliza achukue jiko gani na chakula gani kwa safari ya pikipiki ya kwenda milima ya Taita, alale hemani siku tatu, na akaongeza kwamba ana sufuria moja tu na hataki kuishi kwa biskuti. Njia hiyo nimeipita mara kadhaa, nikala vizuri na nikala vibaya, na jibu langu ni kwamba pishi la safari humalizwa jikoni nyumbani, ili kule kambini kazi inayobaki iwe ni kuchemsha maji tu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari ya kwanza mama alinijazia hotipoti ya mbaazi za nazi zilizopikwa alfajiri hiyo hiyo, pamoja na mahamri kumi yaliyofungwa katika kitambaa. Niliifunga hotipoti juu ya keria kwa mipira ya tyubu, nikashika njia ya Nairobi. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, lakini baada ya kuchelewa nyuma ya malori ya Mariakani na kupumzika Mackinnon Road penye kaburi la Seyyid Baghali, nilifika jua likiwa limekwisha kupinduka. Nilipolegeza kifuniko kilitoa mlio kama wa chupa ya soda, na juu ya tui palikuwa na povu jepesi lenye harufu ya uchachu. Vijidudu vya kuharibu chakula huzaana kwa kasi baina ya nyuzi 5 na 60 za joto, na hotipoti iliyokwisha kupoa kidogo huwatunza humo humo kwa saa nyingi, wala nazi haihitaji kusaidiwa ili ichache. Mbaazi nilizimwaga, nikala mahamri kwa chai ya strungi.

Tangu siku hiyo tui la maji halipandi pikipiki yangu. Badala yake hubeba nazi ya unga, nayo huitia sufuriani mwishoni kabisa, maji yakiwa yametulia, isije ikakatika. Mlo wangu mkuu ni adesi nyekundu, kikombe kimoja cha chai kwa mtu mmoja mwenye njaa, zikiwa zimechambuliwa na kuchanganywa tangu nyumbani na chumvi, bizari ya manjano, bizari nyembamba iliyosagwa, na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa hudhurungi, vikachujwa mafuta na kukaushwa. Adesi hizo huiva kwa dakika kumi na tano au ishirini. Maharagwe na mbaazi kavu ziacheni nyumbani, kwa kuwa hula gesi bila huruma, na huko juu mambo huzidi kuwa magumu: maji huchemka kwa joto lililopungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo aliyepiga kambi karibu na kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, atakuwa akipikia maji ya nyuzi 93 hivi. Asubuhi hula tambi nilizozikaanga nyumbani, ambazo huhitaji maji, sukari na iliki tu, na njiani mfuko wa koti huwa na tende. Mboga za majani msibebe, kwani baadhi ya zile tunazonunua sokoni Kongowea, Mombasa, hutoka huko huko Taita, na kuipandisha kabeji Wundanyi ni kuirudisha kwao.

Kila mlo huwa na mfuko wake wa kitambaa, ulioshonwa kwa mabaki ya leso, na mifuko yote huingia ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana. Msitegemee mifuko ya plastiki: ile ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi tangu tarehe 5 Juni 2020.

Jambo ambalo wageni wa safari hizi hawalifikirii ni mtikisiko. Niliwahi kuweka jiko la chuma ndani ya sufuria ya alumini bila kulifunga, na baada ya njia ya vumbi nikakuta sufuria imesuguliwa ndani na imejaa unga wa kijivu. Sasa jiko hulizungushia taulo dogo, na taulo hilo hilo ndilo la kushikia sufuria ya moto. Vifuniko vya parafujo hulegea vyenyewe, kwa hiyo achari na pilipili ya mafuta husafiri wima. Mafuta ya akiba ya pikipiki yakae upande wa pili kabisa wa chakula, na maji, ambayo lita moja ni kilo moja, yakae chini na karibu na kiti, si nyuma ya keria.

Kuhusu jiko, mimi hutumia lile dogo la gesi linalokaa juu ya mkebe wake, kwa sababu huwaka mara moja na halitoi masizi. Mkebe usiachwe juani wala karibu na ekzosi. Upepo ukisumbua, ukingeni upande mmoja tu, maana ukiuzungushia jiko ukuta pande zote mkebe hupata moto na unaweza kupasuka. Jiko la spiriti ni rahisi zaidi, ila mwali wake mchana hauonekani, na kuliongeza spiriti kabla halijapoa ni kujichoma kwa hiari. Makaa nayakataa, kwa uzito wake na kwa sababu usiku wa baridi humshawishi mtu kuyaingiza hemani, ambamo hewa yake ya sumu huua bila kunusika.

Usipige kambi popote upendapo kandokando ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo, bali uliza mahali panapopokea wageni. Nyani huijua mizigo ya pikipiki kuliko sisi, na matunda yaliyolazwa hemani huweza kuwaita tembo.

Umeuliza pia juu ya kahawa. Dele, lile birika la kahawa, liache nyumbani. Chemsha kahawa na tangawizi iliyopondwa katika sufuria ile ile uliyokwisha kuiosha, iepue, kisha nyunyiza juu yake kijiko cha maji baridi na usubiri dakika tatu. Machicha yatazama yenyewe, na utaimimina polepole bila kichujio.