Ukiwa muuzaji wa kwanza kuajiriwa kwenye kampuni ndogo

Kampuni nyingi ndogo za Arusha na Moshi, ziwe zinakaanga na kufungasha kahawa, zinasindika maziwa au zinafunga pampu za sola, huanza na muuzaji mmoja tu, mwenye kampuni. Anauza kwa simu, kanisani, kwenye vikao vya harusi, kwa watu aliosoma nao. Akizidiwa ndipo anatafuta kijana wa mauzo. Kazi hiyo nimeifanya kwenye kampuni ya kahawa Moshi, na kabla ya yote nataka ujue kwamba wateja utakaowakuta walimwamini bosi kwanza, mzigo ukafuata. Wewe unatakiwa kupata watu watakaonunua bidhaa yenyewe bila kumjua bosi.

Kwa hiyo kwenye usaili uliza: kuna mteja anayerudia oda ambaye si ndugu, jirani wala rafiki? Kama wapo, hata wachache, ichukue kazi. Kama hakuna, omba mwenye kampuni aendelee kuuza pamoja nawe kwa miezi kadhaa, kwa sababu kujua kama bidhaa inauzika kwa watu baki si mzigo wa kumtwisha mgeni aliye kwenye majaribio.

Ukishaingia, usikimbilie barabarani na begi la sampuli. Ambatana na bosi kwanza. Sikiliza anavyotaja bei, na anachojibu mteja akisema ni ghali. Mara nyingi orodha ya bei haipo: duka la Mbuyuni lina bei yake, hoteli ya Njiro ina yake, shemeji ana yake. Andika yote: nani ananunua, nani hasa anaamua, kwa bei gani, analipa baada ya muda gani. Halafu watafute walioacha kununua. Hao nawathamini kuliko orodha yoyote ya namba mpya, maana watakuambia mambo ambayo bosi hajawahi kuambiwa usoni. Unampigia mama mwenye duka, unamwamkia, unajitambulisha, unamuuliza bila kumuuzia kitu: "Mama, zamani ulikuwa unachukua kwetu, tulikukwaza wapi?" Halafu nyamaza, umwache aseme.

Jambo gumu zaidi ni bei zinazopunguzwa kwa simu bila wewe kujua. Umekaa na meneja wa manunuzi mmefikia bei, jioni anampigia bosi wako, wanacheka, anapunguziwa. Kuanzia hapo mteja huyo hatakusikiliza tena. Zungumza na bosi mapema, kwa heshima na mkiwa wawili tu: kiwango cha chini ambacho unaruhusiwa kufika bila kumuuliza ni kipi, na mteja akimpigia yeye, amrudishe kwako. Bosi anayekataa hili atakufanya mpeleka mzigo.

Kwa hoteli na loji, fahamu kwamba anayependa bidhaa na anayelipa ni watu tofauti. Mpishi mkuu ataonja na kusifu, wa manunuzi atauliza bei, mhasibu atauliza karatasi. Ukitaja bei, sema kama VAT ya asilimia 18 imo ndani au la, na hakikisha risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka, la sivyo ankara italala mezani. Kambi nyingi za porini zina ofisi za manunuzi Arusha mjini, basi anzia huko kabla ya kufikiria safari ya Karatu. Na wakati mzuri ni masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache na mameneja wana nafasi ya kukusikiliza. Kuanzia Juni hadi Oktoba wamejaa, nawe unatakiwa uwe unapeleka mzigo, si kujitambulisha.

Madukani utaombwa mali kauli, yaani uache mzigo ulipwe baadaye. Usikatae wote, ila anza na kiasi kidogo na siku ya kulipa iliyoandikwa, na usiongeze mzigo kabla deni halijafutwa. Tengeru epuka Jumatano na Jumamosi, siku za soko, kama unataka mazungumzo. Moshi mjini, Himo na Marangu jipange mapema kwa Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa sikukuu.

Kuhusu malipo yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Kamisheni iingie humo: inahesabiwa mzigo ukitoka au hela ikiingia? Wateja wa zamani wa bosi wamo? Oda iliyopigwa kwake moja kwa moja ni ya nani? Kumbuka pia kwamba ulinzi wa sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Nakuambia hivyo kwa sababu mauzo ya hoteli huchelewa, na bosi anayeangalia hela ya mwezi wa pili tu anaweza kuona hufai.

Mpe basi ripoti ya kila wiki hata asipoiomba, ukurasa mmoja: uliowaona, waliokubali, waliokataa na sababu zao kwa maneno yao. Sehemu ya waliokataa iandike kwa uangalifu kuliko zote. Maduka yakirudia kusema pakiti ya nusu kilo ni kubwa kwa wateja wao, hilo ni la kiwandani, na ni wewe pekee uliye kwenye nafasi ya kulifikisha.