Onyesheni mshono: maswali na majibu kuhusu kutangaza maonesho ya ufundi wa filamu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana wanaoandaa maonesho ya ufundi wa mikono wa filamu: majeraha ya bandia, vinyago, mazimwi ya mpira, damu isiyokuwa damu. Nimefurahi mno. Kazi hii ina mafundi hapa Unguja na Pemba, na mara nyingi jina la fundi halipati hata kutajwa.

*Sisi ni vijana sita wa Michenzani. Tumepanga maonesho ya siku tatu Mji Mkongwe. Nembo yetu ni jahazi na mkanda wa filamu, lakini wenzetu wanasema haivutii. Tumekosea wapi?*

Wenzenu wamesema kweli. Jahazi ni letu sote, ila kwenye filamu tayari lina mwenyewe. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1997, limejitambulisha tangu zamani kama tamasha la nchi za jahazi, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Mtu akiona tanga na mkanda wa filamu karibu na Ngome Kongwe, mawazo yake yataenda huko, si kwenu.

Jiulizeni: mgeni ataona nini kwenu ambacho hakioni akikaa mbele ya skrini? Niliwahi kukaa na dada mmoja akimtengenezea mwigizaji jeraha la moto mkononi. Hakuwa na vifaa vya ghali. Alikuwa na karatasi ya tishu, gundi ya kope, poda na rangi za midomo. Kila tabaka la tishu alilichana kwa kidole, mkasi hakuugusa. Nilipomuuliza, akanionesha: ukingo uliokatwa kwa mkasi unaacha mstari, na jicho linaukamata hapo hapo, ukingo uliochanwa unapotelea kwenye ngozi. Alihangaika na ukingo ule zaidi ya jeraha lenyewe.

Hapo ndipo penye nembo yenu. Filamu inauficha mshono baina ya ngozi na cha bandia; maonesho yanakuja kuuonesha. Chukueni karatasi, andikeni jina lenu kwa herufi nene, kisha upande mmoja muuchane kwa vidole. Upigeni picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili nyuzi za karatasi zionekane. Hiyo ndiyo nembo. Ikipunguzwa mpaka ukubwa wa beji bado itasomeka, na hata kwa rangi moja itakaa vizuri kwenye fulana.

Na jina msiite “efekti za vitendo”. Sokoni Darajani hakuna atakayejua ni kitu gani. Tuna neno letu, kiinimacho, na chini yake mnaweza kuongeza: ufundi wa mikono kwenye filamu.

*Mimi ni mchoraji, Wete. Kamati yetu inataka bango kubwa la popobawa, lile zimwi linalosemwa kuvamia watu usiku, ili watu washtuke na waje. Mimi nina wasiwasi. Naomba ushauri.*

Wasiwasi wako ushikilie, ndugu yangu. Mwaka 1995 hofu ile ilianzia huko kwenu Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje, familia nzima pamoja, moto unawaka mpaka alfajiri. Unguja mjini mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye popobawa. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na ndio unaotaka wawalete watoto wao kwenye maonesho. Picha ile ukutani itamfikia mama anayepita na mkoba wa sokoni, ambaye hakuomba kukumbushwa.

Hofu si kitu kibaya kwenye tangazo la kazi hii, lakini iwe hofu inayojibiwa pale pale. Chora zimwi la kubuni, uso wake nusu umekamilika na nusu bado ni udongo wa mfinyanzi, na vidole vya fundi vikiwa shavuni mwake. Mtoto ataogopa nusu ya kwanza, kisha ataona vidole. Chini yake andika: “Usiogope, ni mkono wa mtu.”

Waambie kamati pia kwamba kisa kizuri cha kweli huvuta watu kuliko kitisho. Papa wa mitambo wa filamu ya Jaws, ya mwaka 1975, aliharibika mara kwa mara kwa sababu ya maji ya chumvi, na Steven Spielberg akalazimika kupiga sehemu kubwa ya filamu bila kumuonesha. Mvuvi yeyote wa Pemba anajua chumvi inavyoila mashine ya boti. Msimulieni hilo kwa sentensi mbili kwenye kipeperushi, na hamtakuwa na haja ya kumtisha mtu. Kisimulieni tu, picha ya papa yule msiichukue, ina wenyewe.

*Tunaweza kutengeneza picha za bango kwa akili mnemba? Ni bure na ni haraka.* (Kikwajuni)

Hapana. Mnawaalika watu waje kuona kazi ya mikono, kisha mwaliko wenyewe haukuguswa na mkono. Mafundi mtakaowaonesha wataliona hilo kabla ya mtu mwengine yeyote. Simu yenye kamera na kinyago kimoja halisi vinatosha.

*Bango letu lina damu nyekundu nzuri kwenye kompyuta, likitoka matbaa limekuwa kahawia. Na tulilobandika nje limeshapauka.* (Chake Chake)

Skrini inatoa rangi kwa mwanga, matbaa kwa wino wa rangi nne, na nyekundu ndiyo inayopotea njiani. Tengenezeni faili kwa rangi hizo nne tangu mwanzo: waridi na manjano zijae, nyeusi kidogo sana, samawati msiiweke kabisa. Kilichokuleteeni ukahawia, nadhani, ni samawati. Ombeni karatasi moja ya majaribio na muitazame nje, juani.

Kupauka ni jua. Waridi na manjano ndizo zinazokimbia kwanza; tazameni picha za mitindo ya nywele kwenye vibanda vya vinyozi zilivyogeuka buluu. Bango la damu liwekeni kivulini, la nje litegemee nyeusi.

*Je, tunaweza kubandika mabango kwenye kuta za Mji Mkongwe? Na nembo tukiisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inatosha?* (Mkunazini)

Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Gundi ikibanduliwa inaondoka na chokaa, na jeraha hilo si la bandia. Ombeni ruhusa kwa mamlaka ya Mji Mkongwe na mtundike, msibandike. Muombeni pia mwenye duka akupeni nafasi ndani ya mlango wake.

BRELA ni ya Tanzania Bara. Kwa Zanzibar nembo ya biashara inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huku kwetu.

*Fedha zetu zinatosha kitu kimoja tu kikubwa. Tufanye nini?* (Jambiani)

Fanyeni bango moja la kitambaa kwa mpangilio wa kanga: pindo pande zote, mji katikati, jina chini. Ukubwa uwe ule ule wa kanga, kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Pindo liwe la zana za fundi, visu vya udongo na brashi, zikijirudia. Katikati uso ambao haujamalizika. Kwetu mtu akiona kanga, macho yanashuka yenyewe kutafuta jina, hata akiwa na haraka. Basi hapo ndipo muandike siku, saa na mahali. Kila asubuhi ya maonesho fundi wenu aongeze kitu kwenye uso ule kwa rangi halisi, mbele ya wapita njia, mpaka siku ya tatu uwe umekamilika.